Anasikika kila nyumba isipokuwa yake

Zipo kazi zinazosifiwa na majirani huku watu wa nyumbani wakizilalamikia, na kazi ya mtangazaji wa muziki ni mojawapo. Sokoni Kasulu muuza maharage anamtambua kwa sauti kabla hajamwona sura. Stendi ya Kibondo kijana wa bodaboda anamwita kwa jina la kipindi chake na kumwomba wimbo. Nyumbani, mke anajua mambo mengine: Jumamosi hayupo, Jumapili anarudi amechoka, na mtoto wa darasa la pili amezoea kusema baba yake "yuko kwenye redio" kama vile ndiko anakoishi.

Ugomvi unaotoka hapo huwa hauanzi kwa kishindo. Unaanza kwa kikao cha shule alichokosa, kisha karo iliyochelewa, kisha simu iliyoita saa 5 usiku. Siku mke anaposema "chagua, redio au sisi", mume anashangaa kama aliyeamshwa usingizini, wakati mwenzake amekuwa akisema jambo hilohilo kwa miezi kadhaa kwa maneno mengine.

Kazi iliyokua haraka kuliko mishahara yake

Kabla ya miaka ya 1990, Mtanzania aliyetaka kutangaza muziki alikuwa na mlango mmoja mkubwa, Radio Tanzania Dar es Salaam. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikafungulia njia vituo binafsi, na Radio One ikaanza mwaka 1994. Watangazaji wake kama Mike Mhagama na Taji Liundi walikuwa miongoni mwa waliowapa nafasi vijana walioimba rap kwa Kiswahili wakati wazee wengi wakiiona ni kelele. Muziki uliokuja kuitwa Bongo Fleva ulipita mikononi mwa watu wa aina hiyo.

Huku kwenye nyanda za juu za Kigoma, redio ilikuwa na sababu nyingine pia. Radio Kwizera ilianzishwa mwaka 1995 huko Ngara na Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi (JRS), wakati mikoa ya Kagera na Kigoma imepokea maelfu ya watu waliokimbia vita. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipokimbia tena nchi yao. Kwa hiyo msikilizaji wa huku anataka rumba ya Kongo, kwaya, ngoma za Kiha, nyimbo za Kirundi na Bongo Fleva, vyote kwa siku moja. Mtangazaji wa muziki anayejua kazi yake hapa ana elimu ambayo mwenzake wa Dar es Salaam hana.

Halafu kuna ndoto. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, akiwemo Diamond Platnumz, Ali Kiba, Mwasiti na Linex, walikusanyika chini ya jina la Kigoma All Stars na kutoa wimbo wenye jina la Kiha, "Leka Dutigite". Kijana wa Kasulu aliyeusikia alipata ujumbe wa pande mbili. Wa kwanza ni kwamba mtu wa kwetu anaweza kufika mbali. Wa pili ni kwamba karibu wote walifanyia muziki wao Dar es Salaam. Ujumbe huo wa pili ndio unaoingia chumbani kwa mume na mke na kukaa katikati yao.

Familia Kibondo, studio Kasulu

Mpangilio unaoleta shida mara nyingi ni huu: mke na watoto wako Kibondo, karibu na shamba na wazazi, na mume amepanga chumba Kasulu karibu na kazi. Barabara ya kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, yenye zaidi ya kilomita 260, imekuwa ikijengwa kwa lami, na safari si ile ya zamani ya kutwa nzima kwenye vumbi au tope. Hata hivyo nauli ni nauli, na mtu wa kipato kidogo haendi na kurudi kila siku.

Kinachowaumiza zaidi ya umbali ni ratiba. Wafanyakazi wengine wanapumzika Jumamosi na Jumapili, lakini kwa mtangazaji wa muziki hizo ndizo siku za kazi kubwa. Kipindi cha nyimbo kumi bora kiko Jumamosi, salamu ni Jumapili, na jioni kuna harusi anayoisherehesha. Siku yake ya mapumziko ni Jumatatu au Jumanne. Anafika Kibondo watoto wakiwa shuleni, analala kwa sababu hakulala, wanarudi saa 10 jioni wakiwa na kazi za shule, na alfajiri anaondoka. Kwa hesabu yake alikuwa nyumbani siku nzima. Kwa hesabu ya mtoto, baba alikuwepo kwa muda wa kula ugali.

Hesabu hizo mbili zinapaswa kuwekwa mezani kabla ya lawama, kwa sababu kila mmoja anasema kweli. Mume hadanganyi anaposema alisafiri kuja kuwaona, na mke hasemi uongo anaposema hawakuonana.

Fedha isiyo na karatasi

Watangazaji wengi wa redio za wilayani hawaishi kwa mshahara peke yake. Wapo wanaofanya kazi bila mkataba ulioandikwa, wakilipwa posho. Kinachotunza nyumba ni ushereheshaji wa harusi, sendofu na ubatizo, matangazo ya maduka, na kusoma matangazo ya mikutano kwa kipaza sauti juu ya gari. Miezi ya kiangazi, baada ya mavuno, fedha inaonekana. Mvua zikianza na watu wakirudi shambani, harusi zinapungua na mfuko unalegea.

Mke asiyejua mzunguko huo anaona jambo moja tu: mwezi wa saba mume alileta mchele na viatu vya watoto, mwezi wa kumi na moja analeta visingizio. Hapo ndipo wazo la "mwanamke mwingine" linapozaliwa, wakati mwingine bila mwanamke mwingine yeyote kuwepo. Dawa yake ni ndogo na ngumu: daftari. Mume akiandika mbele ya mkewe sherehe alizofanya, alicholipwa na anachodaiwa, mwezi wa kumi na moja hautakuwa na siri. Na wakiujua mzunguko huo, karo ya Januari itaanza kutengwa mwezi wa saba.

Ipo fedha nyingine ambayo familia inapaswa kuiulizia. Msanii chipukizi anakuja na wimbo kwenye flashi na noti ndani ya bahasha ili wimbo upigwe mara nyingi. Wengine huiita shukrani. Ikizoeleka nyumbani, mahitaji yanapimwa kwa bahasha hizo, na mtangazaji anakosa ujasiri wa kumwambia msanii kwamba wimbo wake haujaiva. Siku uongozi wa kituo ukigundua, kazi inakwenda na jina linachafuka katika mji mdogo ambao kila mtu anamjua. Mke anayeuliza "hii imetoka wapi?" analinda jina ambalo watoto wake wanalibeba shuleni.

Simu ya saa 5 usiku

Kipindi cha salamu kinaendeshwa na wasikilizaji, na wasikilizaji wana namba ya simu. Wengine wanatuma salamu kwa wazazi wao. Wengine wanamtumia mtangazaji mwenyewe maneno matamu, kwa sababu sauti ya redioni humfanya msikilizaji ajione anazungumza na mtu anayemjua. Mke akisoma ujumbe mmoja wa namna hiyo, hakuna maelezo yatakayomtosha usiku huo.

Zipo nyumba zilizopata nafuu kwa hatua rahisi sana: kuwa na laini mbili. Laini ya kipindi inabaki studio au inazimwa mtangazaji anapofika nyumbani, na laini ya familia haitangazwi hewani. Hatua hiyo haimalizi tamaa ya mtu aliyeamua kudanganya, na hakuna anayepaswa kuahidiwa hivyo. Inachofanya ni kumwondolea mke mwaminifu na mume mwaminifu ugomvi usio wao. Pale ambapo kweli kuna usaliti, suala linabadilika kabisa, na laini mbili zisitumike kuuficha.

Akiwa mama ndiye mtangazaji

Mzani unakuwa mzito zaidi kwa mwanamke. Mwanamume akirudi saa 4 usiku ametoka kazini. Mwanamke akirudi saa hiyohiyo majirani wanahesabu ni bodaboda ya nani iliyomleta. Mama mkwe anauliza nani amempa mtoto uji. Mume anayepongezwa sokoni kwamba "mkeo anaongea vizuri" anaweza kurudi nyumbani na hasira badala ya fahari, kwa sababu aliyempongeza aliongeza kicheko.

Hapa sheria inasaidia, ikiwa inajulikana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini anayenyonyesha anaruhusiwa muda wa kunyonyesha hadi jumla ya saa mbili kwa siku. Kazi ya usiku kwa mujibu wa sheria hiyo ni ile ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na mjamzito hapaswi kulazimishwa kuifanya katika miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua. Baba naye ana siku 3 za likizo ya uzazi, siku chache mno, lakini wapo wasiozichukua hata hizo kwa kuona aibu kuziomba.

Mume wa mtangazaji ana kazi moja inayopunguza maneno ya mtaa kuliko hotuba yoyote: kwenda mwenyewe kumchukua, au kumchagua pamoja naye dereva mmoja anayejulikana na kulipwa kwa mwezi. Mtaa ukiona nyumba imekubaliana, habari inakosa utamu.

Kusoma, kuhama au kubaki

Katika miaka ya karibuni limeongezeka swali ambalo haliahirishiki. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake zinataka anayefanya kazi ya uandishi wa habari awe na ithibati, na kiwango cha chini cha elimu ni stashahada ya uandishi wa habari. Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, chini ya mwenyekiti Tido Mhando, ilizinduliwa mwaka 2025 na kuanza kutoa vitambulisho. Mtangazaji aliyeingia studio kwa sauti nzuri na cheti cha kidato cha nne anajikuta katika njia panda.

Kwa aliyemaliza kidato cha nne, njia ya kawaida ya kufika stashahada ni miaka mitatu chuoni. Akienda Mwanza au Dar es Salaam, nyumba inapoteza kipato chake na inaongezewa ada. Asipokwenda, anabaki na wasiwasi kila mwaka. Uamuzi huu haufai kufanywa na mtu mmoja na kutangazwa kwa wengine wakati wa chakula. Mke atakayelima peke yake misimu mitatu ana haki ya kuulizwa kama anaweza, nani atamsaidia, na shamba gani litauzwa au halitauzwa.

Njia ya pili ni kuhama bila kusoma, kufuata kituo kikubwa. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa Reli ya Kati ni takribani kilomita 1,250. Wengi wanaondoka wakisema "nikitulia nitawaita". Tatizo la maneno hayo ni kwamba hayana tarehe. Kodi ya Dar es Salaam inameza mshahara uliokuwa unaonekana mkubwa ukiwa Kasulu, na "nikitulia" inasogea kutoka Pasaka hadi Krismasi. Familia ikikubali safari hiyo, ikubali pamoja na tarehe ya kuikagua: baada ya miezi sita, kama hakuna mkataba wala nyumba ya watu wote, anarudi bila kuchekwa. Neno "bila kuchekwa" ni muhimu kuliko tarehe. Wanaume wengi hawarudi kwa sababu ya kuogopa wanachotaka kusema shemeji.

Njia ya tatu ni kubaki, na haipaswi kuhesabiwa kuwa ni kushindwa. Mtu anayejua tofauti ya ngoma za Buha na muziki wa Kongo, anayeweza kumhoji mzee wa ngoma kwa Kiha na kumweleza kijana kwa Kiswahili, anafanya kazi ambayo hakuna atakayekuja kutoka mjini kuifanya. Lakini kubaki nako kuna sharti: mke asikumbushwe kila wiki kwamba "kama si ninyi ningekuwa mbali". Sentensi hiyo, mtoto akiisikia, anaichukua kama deni lake.

Kazi ya anayebaki nyumbani

Jambo moja husahauliwa sana katika mabishano ya aina hii. Anayekwenda studio anahesabu anacholeta; anayebaki haulizwi anachofanya. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Katika shauri lile Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa sababu mahakama iliona alikwishapewa fedha na mumewe na akazitumia vibaya, lakini msimamo ule umewasaidia wanawake wengi waliokuja baada yake.

Maana yake kwa nyumba ya Kibondo ni ya kila siku. Kiwanja kilichonunuliwa kwa fedha za harusi za miaka minne kilinunuliwa pia na mtu aliyelima mihogo, akapeleka watoto zahanati na kupokea wageni wa mumewe. Mume anayesema "ni jasho langu" anakosea mbele ya mkewe na mbele ya sheria.

Mtoto naye ana haki zake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi kumpa mtoto matunzo na mwongozo, na anapokuwa mbali kwa muda ahakikishe mtoto analelewa na mtu anayefaa. Kutuma fedha kwa simu ni sehemu tu ya wajibu huo.

Mazungumzo yanayoweza kuzaa kitu

Wanandoa wengi katika hali hii huzungumza mara mbili: wakiwa na hasira, au mbele ya wazee wakati maji yamekwishafika shingoni. Mazungumzo yenye faida yanafanyika siku ya kawaida, simu zikiwa zimezimwa, na yanahusu mambo machache yanayohesabika.

La kwanza ni likizo. Sheria inampa mwajiriwa siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo, na angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Anayeomba likizo yake wakati wa mwezi wa sita au Desemba, shule zikiwa zimefungwa, anapata watoto mchana kutwa. Asiye na mkataba hana karatasi ya kuonyesha, ndiyo maana kudai mkataba ulioandikwa ni jambo la familia nzima.

La pili ni Jumamosi moja kwa mwezi isiyouzwa. Itagharimu fedha ya sherehe moja, na wanandoa waiandike katika daftari kama matumizi mengine. Siku hiyo mtoto achague pa kwenda, hata kama ni kutembea tu hadi kwa bibi.

La tatu ni shule. Mzazi asiyeweza kufika kwenye kikao anaweza kumpigia mwalimu siku inayofuata na kuuliza swali moja la kweli kuhusu mwanawe. Walimu wanamkumbuka mzazi anayeuliza, na mtoto anapata habari kwamba baba alipiga.

Pale ambapo mazungumzo yamekwama, kuna mlango kabla ya mahakama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka, isipokuwa katika mazingira maalumu, mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa kabla ya kuomba talaka. Ofisa ustawi wa jamii wa wilaya naye hupokea malalamiko ya matunzo ya watoto. Kwenda huko mapema, wakati bado kuna heshima, si kumshitaki mwenzako. Na pale penye kipigo au vitisho, hakuna cha kusubiri usuluhishi. Usalama wa mama na watoto unatangulia, na dawati la jinsia la polisi lipo kwa ajili hiyo.

Ikishindikana kuishi pamoja, bado kazi ya uzazi haiishi. Mtangazaji aliyeachana na mkewe atasikika hewani kesho yake asubuhi, na mtoto wake ataisikia sauti hiyo akiwa anavaa sare za shule. Asimseme mama yake kwa mafumbo kati ya wimbo na wimbo, wala asichague nyimbo za kumchoma. Wasikilizaji watacheka kidogo na kusahau, lakini mtoto atazibeba hadi darasani.